Penseli, Kijiko na Birika: Hotuba kwa Wanaojifunza Kuchora

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa uchoraji, walimu wao na wazazi waliowasindikiza. Waliokosa wameniomba niiandike, nami naiweka yote kama nilivyoisema. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo. Panapohitajika nimezieleza kwa maneno.

Walimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi vijana mliokuja na penseli nyuma ya masikio, nawasalimu nyote. Asanteni kwa kuitikia mwito.

Nimeombwa niseme juu ya kuchora kwa kutazama. Kitu kiko mbele yako, wewe umekaa, penseli iko mkononi, na unakichora kama kilivyo wakati huo, kutoka pale ulipokaa. Ningeweza kuchagua uso wa mtu. Ningeweza kuchagua mti au ua. Nimechagua kijiko. Nimechagua sufuria, birika, ufunguo, kopo, mkasi, chujio: vyombo vya chuma ambavyo mikono yetu huvishika kila siku huku macho yetu yakivipita.

Kwa nini hivyo? Kwa sababu katika miaka yote ya kufundisha sijapata mwalimu wa macho anayekishinda kijiko kilichong'arishwa. Uso unaweza kuuchora kwa mazoea ukafanana na uso. Mti ukiukosea tawi moja, nani atakudai? Lakini kijiko ukikichora kwa kukumbuka, kitakusuta hapo hapo. Kitatoka cha mbao. Kitatoka cha udongo. Kitatoka cha plastiki. Cha chuma hakitatoka.

Tuanze na umbo, maana mng'ao hata uwe mzuri vipi hauwezi kuinyoosha sufuria iliyochorwa kombo.

Nilikuwa na mwanafunzi mtu mzima, mhasibu mstaafu, mtu wa vipimo na utaratibu. Nikamwekea sufuria mezani. Akachora mdomo wake karibu duara kamili, na chini akapiga mstari ulionyooka kana kwamba ametumia rula. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hivi ndivyo unavyoiona?" Akanijibu kwa utulivu, "Mwalimu, mdomo wa sufuria ni duara. Na kitako chake kimelala mezani, na meza imenyooka."

Ndugu zangu, hapo alikosea neno gani? Hakuna. Mdomo ni duara kweli. Meza imenyooka kweli. Alikuwa amechora yote anayoyajua kuhusu sufuria, na ile iliyokuwa mbele yake hakuitazama.

Nikamwomba achuchumae mpaka jicho lake liwe sawa na ukingo wa sufuria. Mdomo ukawa mstari mwembamba. Nikamwomba ainuke polepole. Mstari ukafunguka, ukawa duaradufu nyembamba, ikazidi kunenepa kadiri alivyopanda. Akachuchumaa tena bila kuambiwa, akainuka tena. Halafu akasema mwenyewe, "Kitako kimefunguka kuliko mdomo!" Ndivyo hasa. Duara likizidi kushuka chini ya usawa wa jicho lako, linazidi kufunguka. Kitako kiko chini ya mdomo, kwa hiyo mpindo wake unaonekana mkubwa kuliko wa mdomo, na yeye pale ndipo alipokuwa amepiga rula.

Shikeni haya machache. Duaradufu haina pembe. Huko mwishoni kulia na kushoto inazunguka, haichongoki hata iwe nyembamba kiasi gani. Kila chombo cha mviringo kina mhimili, mstari unaopita katikati yake kutoka mdomoni hadi kitakoni, na upana wa duaradufu huukata mhimili huo kwa pembe mraba, chombo kiwe kimesimama au kimelazwa ubavu. Na kipimo unacho mkononi: nyoosha mkono wote, funga jicho moja, linganisha urefu na upana kwa penseli. Mkono ukikunjika, kipimo kimeharibika. Basi.

Sasa tufike nilipokuwa na hamu ya kufika. Nawauliza: chuma kina rangi gani?

(Ukumbini wengi walijibu "kijivu". Mtoto mmoja wa mbele akasema "rangi ya fedha".)

Kijivu, mnasema. Rangi ya fedha, anasema huyu kijana wangu. Haya, chukueni vijiko mlivyopewa mlangoni. Geuzeni upande wa mgongo. Mnaona nini? Mimi nikitazama changu naona dirisha lile, limejikunja na kuwa dogo kama ukucha. Naona taa. Naona mstari mweusi, na huo mstari ni suruali yangu. Kijivu kiko wapi? Geuzeni upande wa ndani. Chumba kizima kimepinduka! Dari iko chini, sakafu iko juu, na wewe mwenyewe umesimama kwa kichwa. Mgongo wa kijiko unakuonyesha umesimama sawasawa lakini mdogo, na tumbo la kijiko linakugeuza juu chini.

Chuma kilichong'arishwa hakikuonyeshi chenyewe. Kinakuonyesha chumba. Nuru inapogonga chungu cha udongo au kipande cha mbao, hutawanyika kila upande. Ndiyo maana chungu hupauka na kukolea taratibu kutoka upande wa mwanga hadi upande wa kivuli. Chuma kina elektroni huru ambazo hurudisha sehemu kubwa ya nuru inayokigonga, na kikiwa laini, nuru hutoka kwa pembe ile ile iliyoingilia. Kwa hiyo kila nukta ya birika uionayo kutoka kwenye kiti chako ni mahali fulani ndani ya chumba. Nukta hii ni dirisha. Nukta ya pili yake ni fremu ya dirisha. Nukta ya tatu ni ukuta wenye giza. Kutoka weupe kabisa hadi weusi kabisa unaweza kuvuka upana wa unywele, na hapo katikati hakuna hatua yoyote ya mpito.

Binti mmoja katika darasa langu alikuwa akichora birika jipya, linang'aa kila upande. Siku ya kwanza alifanya kazi safi sana: katikati ya tumbo la birika aliacha eneo pana jeupe lenye ukingo wa mawimbi, na lilikuwa sahihi. Siku ya pili akarudi, akakaa kiti kile kile, taa ile ile, birika halijaguswa. Baada ya muda nikamwona anafuta. Anafuta na kuchora, anafuta na kuchora, machozi yanamlenga. "Mwalimu, birika limebadilika." Nikalitazama, na kweli limebadilika, pale palipokuwa peupe pameingia giza. Siku ya kwanza alivaa shati jeupe. Siku ya pili alivaa sweta nyeusi. Lile eneo jeupe lilikuwa yeye.

Mnaona, wazazi? Mtoto huyu alikuwa amejichora bila kujua, na aliichora nafsi yake kwa usahihi kuliko wengi wanaojichora mbele ya kioo, kwa sababu hakujua kuwa anachora mtu. Alikuwa anachora doa jeupe lenye ukingo wa mawimbi, basi. Hiyo ndiyo siri yote ya kuchora chuma, nami naitamka waziwazi: usichore mng'ao, chora madoa. Doa hili lina umbo gani? Linaanzia wapi? Limepakana na lipi? Lipi limekolea zaidi? Ukiyaweka madoa mahali pake, na ukingo wake ukiwa mkali pale unapoonekana mkali, chuma kitakuja chenyewe.

Wako waliojiweka humo kwa makusudi. Clara Peeters, mwanamke aliyepaka rangi picha za vyombo na maua huko Antwerp, ana picha ya mwaka 1611 iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Mezani kuna kikombe cha fedha kilichopakwa dhahabu, chenye vijinundu vilivyotuna, na mtungi wa pyuta, chuma cha bati lililochanganywa na madini mengine. Ukiisogelea, ndani ya baadhi ya vinundu vile yumo mwanamke mdogo sana. Ni yeye mwenyewe. Picha nyingi za wanawake wachoraji wa zama zile zilipewa majina ya wengine, na yeye akajiweka ndani ya chuma. Prado walipomwandalia maonyesho yake mwaka 2016, alikuwa mchoraji wa kwanza mwanamke kupewa na jumba hilo maonyesho ya peke yake.

Nendeni nyumbani mkajaribu na mkebe wa chuma uliosimama wima. Chumba chote kitabanwa kwa upana na kuwa milia ya kusimama: mlia mweusi, mlia mweupe, mlia wa kati, mweusi tena. Ulazeni mkebe huo huo, na milia italala pamoja nao. Jaribuni na mpini wa uma: pale unapopinda, milia yote hukusanyika, hubanana, hukaribia kukatika. Mpindo huo mkiuchora vizuri, hamhitaji kumwambia mtu kuwa uma ni wa chuma.

Na tazameni meza pia. Tumezoea kuwa chombo kina kivuli. Chombo cha chuma kina kivuli na kina nuru ya kumwaga. Karibu na kivuli chake, wakati mwingine ndani yake, utaona mpindo mwembamba wa mwanga juu ya meza: nuru iliyogonga ubavu wa sufuria ikarudishwa chini. Wanafunzi wengi wanauona na kuuacha, wakidhani ni kasoro. Jamani, usiuache. Ndio unaoiketisha sufuria mezani.

Jambo lingine ni mstari wa kuzungushia. Sote tulianza kuchora hivyo: zungusha kwanza, jaza baadaye. Mazoea yana taabu. Angalieni ukingo wa kijiko juu ya kitambaa cheupe. Mahali fulani ukingo ni mweusi, mahali fulani umepotea kabisa, kijiko cheupe kimeingia katika kitambaa cheupe, kisha unatokea tena. Penye kupotea, uache upotee. Jicho la mtazamaji litaukamilisha, na litafurahi kupewa kazi hiyo.

Hapa nataka niseme juu ya jicho lenyewe, maana tunaliamini kupita kiasi. Mwaka 1995 Edward Adelson, profesa wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alitengeneza picha ya ubao wa miraba kama wa drafti. Juu yake kuna silinda ya kijani inayotupa kivuli. Mraba mmoja uko nje ya kivuli, unaonekana mweusi. Mwingine uko ndani ya kivuli, unaonekana mweupe. Ukifunika vyote vingine, miraba hiyo miwili ina kijivu kimoja, kile kile, bila tofauti yoyote. Hata ukishajua, ukiondoa kifuniko unaiona tofauti tena. Ubongo unasema: ule uko kivulini, kwa hiyo lazima ni mweupe, nitaupandisha. Katika maisha ya kawaida jambo hilo linatusaidia mno. Mbele ya karatasi linatupoteza. Unajua sufuria ya alumini ni nyeupe, basi upande wake wenye kivuli unaupaka hafifu, ilhali umekolea kuliko kishikio cheusi kinachopigwa na mwanga.

Dawa yake? Kunja macho mpaka kope zikaribie kugusana. Vitu vidogo vitapotea, makundi makubwa ya giza na nuru yatabaki. Au kata tundu dogo kwenye kadi, utazame sehemu moja peke yake, kisha nyingine. Picha ya simu haitakuokoa hapa. Simu mara nyingi huunguza sehemu zenye mng'ao zikawa nyeupe tupu na kuziba zenye giza, na vitu ulivyotaka kuviona vimo humo humo.

Na penseli yenyewe, mnaijua ilikotoka? Zamani penseli nzuri zilitegemea kinywe, yaani grafiti, ile kitu nyeusi inayoandika, kutoka Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, kinywe safi kilichotoka ardhini kwa mapande yanayokatika kwa msumeno. Ufaransa ilipokuwa vitani na Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, bidhaa hiyo haikufika. Nicolas-Jacques Conté, mtu aliyeanza kama mchoraji wa sura za watu, akachukua unga wa kinywe, akauchanganya na udongo wa mfinyanzi, akaufinyanga vijiti, akavichoma tanuruni. Hataza yake, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi huo, ni ya mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na hafifu. Kinywe kikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Hizo H na B zilizoandikwa kwenye penseli zenu zinatokana na jambo hilo: kiasi gani cha udongo, kiasi gani cha kinywe. H ni ngumu, B ni nyeusi.

Kwa chuma mnazihitaji zote mbili. Penseli laini, 4B au 6B, kwa giza lenyewe. Penseli ngumu, 2H, kwa ukingo wa giza hilo, ili liishe kwa ukali. Ichongwe. Ichongwe tena. Penseli butu haiwezi kuchora chuma. Na msisugue kwa kidole, nawasihi. Kidole kina mafuta. Mafuta yanaacha alama ambayo kifutio hakiiwezi, tena kila kitu kinakuwa ukungu, na chuma hakina ukungu. Giza lijengwe kwa tabaka, moja juu ya jingine, bila kugandamiza, kwa kuwa kinywe kikigandamizwa kinaanza kumetameta chenyewe, na ukitazama mchoro kutoka ubavuni sehemu nyeusi kuliko zote inageuka kuwa nyeupe.

Weupe je? Weupe wa karatasi ndio mwisho wa uwezo wetu. Doa la jua kwenye kijiko linaumiza macho. Karatasi haiwezi kumuumiza mtu. Sasa tunafanyaje? Tunashusha vyote vingine. Kila kitu kwenye mchoro, hata kitambaa ambacho unajua ni cheupe, kinapakwa walau kidogo, ili doa lile libaki karatasi tupu peke yake. Amueni mapema mahali hapo na mpahifadhi tangu mwanzo. Kifutio kile laini kinachokandika kwa vidole kinaweza kuinua kidogo, lakini weupe uliorudishwa haulingani na weupe ambao haukuguswa.

Nina jambo moja tena, na kwangu ndilo lenye uzito.

Tulikuwa tumetundika michoro ya wanafunzi, watu wakapita kuitazama. Akaja fundi bati, mzee wa makamo, akasimama mbele ya mchoro wa ndoo. Mchoro ulisifiwa na wote. Mng'ao safi, duaradufu safi. Yeye akasimama muda mrefu, kisha akasema, "Ndoo hii inavuja." Mwanafunzi aliyeichora alikuwepo, akauliza inavujaje. Fundi akamwonyesha kwa kidole: mshono wa ubavuni ulikuwa mstari mmoja tu. Mshono wa bati hukunjwa, ukingo huu ukiukumbatia huu, halafu hupigwa nyundo ukalala. Kwa hiyo una unene, una upande unaoshika mwanga na upande unaotupa kivuli chembamba. Akamwonyesha na ribiti za kishikio: mbili zilichorwa kama vitone, wala hazikubana chochote. Hakumdhihaki kijana. Alizungumza naye kama fundi kwa fundi, na kijana yule akaenda kuleta ndoo yenyewe wakakaa nayo chini, wakiupapasa ule mshono kwa vidole.

Tangu siku ile huwaambia wanafunzi: kabla hujachora, kishike. Kigeuze. Kilitengenezwaje? Kilichomelewa wapi? Kiliungwa kwa ribiti au kwa skrubu? Geuza sufuria ya alumini uangalie kitako. Mara nyingi utakuta mistari myembamba ya duara ndani ya duara, iliyoachwa na mashine wakati wa kuizungusha. Ukiisogeza chini ya taa, mistari hiyo haiakisi taa kama doa; inatoa kabari mbili za nuru zinazokutana katikati, na ukiizungusha sufuria, kabari hazizunguki nayo, zinabaki zimeelekea taa. Nani kati yenu alikwisha kuliona hilo? Wachache. Na wangapi wamewahi kuosha sufuria? Wote!

Na sufuria iliyosuguliwa miaka mingi si sawa na mpya. Mikwaruzo midogo isiyohesabika imeuvunja mng'ao, nuru imetanuka na kulegea. Hapo penseli ifuate njia ya mikwaruzo yenyewe, izunguke ilikozungukia mikono. Pana bonde, pale ilipoangushwa: bonde ni kioo kidogo kilichoingia ndani, kwa hiyo mwanga ukitoka juu, sehemu yake ya chini ndiyo inayong'aa na ya juu inakuwa na giza. Kwenye kinundu kilichotoka nje ni kinyume chake. Ukiyabadilisha, bonde litatoka nje na kuwa uvimbe. Penye kutu, mng'ao umekufa kabisa. Paka kwa penseli iliyolazwa, chapa isiyo sawa, na uache ukali wa chuma kizima uonekane kando yake.

Naona wengi huchagua vyombo vipya kwa kudhani ndivyo vizuri. Chardin, mchoraji Mfaransa aliyefariki mwaka 1779, alipaka rangi mitungi ya shaba na sufuria za jikoni zilizotumika, na jumba la makumbusho la Louvre, Paris, limehifadhi baadhi ya picha hizo. Kwa mwenye kuanza napendekeza kilichotumika. Kina mengi ya kushika jicho, na hakikutupii chumba chote usoni kama kijiko kipya.

Sasa, meza zimepangwa nyuma yenu. Kila meza ina taa moja upande mmoja. Zile za dari tutazizima. Chagueni chombo kimoja tu. Wekeni alama ya chaki kwenye miguu ya viti vyenu, na mkumbuke kichwa kilikuwa wapi mlipoanza, kwa sababu mkiinama kushoto kila doa litahama. Dakika za mwanzo msitie kivuli chochote: mhimili, duaradufu, vipimo. Baada ya hapo kunjeni macho mtafute giza kubwa kuliko yote, mlipake hilo kwanza, na weupe mtakaouacha muuzungushie kwa mstari hafifu sana wa 2H. Wazazi, karatasi na penseli za ziada zipo, nanyi mketi mchore. Mwenye swali aniite nije mezani pake.